Walitunyang'anya Tundu, Sasa Tusikubali Kutupa Hedifoni

Haya wasomaji, leo sina msamiati wa kubembeleza. Kuna jambo linaniudhi kila nikiona mtu akitupa hedifoni nzima za waya eti simu yake mpya haina pa kuzichomeka.

Tukumbushane kidogo. Septemba 2016 Apple walitoa iPhone 7 bila tundu la hedifoni. Mkuu wao wa masoko, Phil Schiller, alisimama jukwaani akaeleza kwamba sababu ni ujasiri. Ujasiri! Mwezi uliofuata Google wakatangaza Pixel ya kwanza wakijigamba kwamba tundu lipo. Mwaka 2017 Pixel 2 ikatoka bila tundu. Samsung nao, baada ya kuwatania Apple kwenye matangazo, wakaliondoa kwenye Galaxy Note 10 mwaka 2019.

Tuliambiwa eti ni kwa sababu ya maji. Uongo mtupu. Galaxy S7 ya 2016 ilikuwa na tundu na bado ilikuwa na cheti cha IP68. Sony Xperia 1 V ya 2023 vilevile. Sababu ninayoiamini mimi ni hii: siku ileile, jukwaa lilelile la iPhone 7, AirPods zilitangazwa kwa dola 159. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili anaiweza.

Mimi ni mwandishi wa programu, na kwa macho ya kazi yangu tundu lile lilikuwa kiunganishi bora kuliko vyote. Halina toleo jipya, haliombi ruhusa, halisubiri sasisho. Walkman ya 1979 ilikuwa na tundu la milimita 3.5, na hedifoni zake ukizichomeka leo kwenye simu yenye tundu zitaimba. Nitajieni programu yoyote ya miaka hiyo inayofanya kazi hivyo bila kuguswa!

Sasa linganisha. Sennheiser HD 600 ilitoka 1997 na bado inauzwa. Waya ukikatika unabadilisha, sponji zikichakaa unabadilisha. AirPods za kwanza? Mafundi wa iFixit walizifungua wakazipa alama sifuri kati ya kumi kwa kutengenezeka. Betri ikichoka, umemaliza. Hiyo si hedifoni, ni usajili wa miaka michache.

Ndiyo maana nasimama upande wa kile kiboksi kidogo: amplifaya ya hedifoni isiyo na waya. Mifano ni FiiO BTR5 na Qudelix-5K. Ni kadogo, kanabanwa kwenye kola ya shati. Ndani mna kipokezi cha Bluetooth, chipu ya kugeuza dijitali kuwa mawimbi ya umeme, amplifaya na betri. Simu inabaki mfukoni au kwenye chaja, hedifoni zako za zamani zinaingia kwenye kiboksi. Kwisha.

Najua mtakachosema.

"Bluetooth inaharibu sauti." Inapunguza, ndiyo. CD ni kilobiti 1,411 kwa sekunde; LDAC ya Sony inafika 990 ikiwa na nafasi. Kwa hiyo kibandiko cha "Hi-Res" kwenye boksi msikiamini sana. Lakini LDAC imo kwenye Android tangu toleo la 8.0 la 2017, na simu nyingi huiacha ijipangie kasi yenyewe. Mahali penye watu wengi inaweza kushuka hadi 330, halafu mtu analaumu kiboksi! Gusa nambari ya muundo mara 7, ingia chaguo za wasanidi programu, chagua ubora mwenyewe. Sauti ikikatikakatika, rudisha hadi 660.

"Mimi nina iPhone." Pole. Apple hawakukupa LDAC wala aptX. Utapata AAC tu. Ila viboksi hivi viwili vinakubali pia waya wa USB, na tangu iPhone 15 ya 2023 tundu la chaja ni USB-C. Chomeka ukitulia nyumbani, tumia AAC ukitembea.

"Adapta ya waya ni rahisi zaidi." Kwa hedifoni nyepesi za omu 16 au 32, nakubali kabisa, nunua adapta, usipoteze pesa. Lakini angalia: baadhi ya adapta za USB-C hazina chipu ndani, zinafanya kazi kwenye simu chache tu. Pia adapta inakula chaji ya simu na inaziba tundu la chaja. Na HD 600 zako ni omu 300. Zinahitaji volti ambazo adapta ndogo nyingi hazina.

"Ni kitu kingine cha kuchaji." Kweli, na betri yake nayo itachoka siku moja. Siku hiyo utabadilisha kiboksi peke yake, hedifoni zinabaki. Hapo ndipo hoja yangu yote ilipo: kinachochakaa haraka kitenganishwe na kinachodumu. Kwenye programu tunafundishwa hivyo tangu siku ya kwanza. Watengenezaji wa simu wanajua kanuni hiyo vizuri kuliko sisi, ila haiwaletei mauzo.

Jambo moja tu siwezi kulitetea: ukicheza gemu kwa Bluetooth, sauti inachelewa. Tumia waya.

Kwa hiyo, ukienda kununua simu, igeuze kwanza uangalie ukingo wake. Cha kuchekesha ni kwamba tundu limebaki zaidi kwenye simu za bei ya chini, zile wenye simu za laki wanazidharau. Likiwepo, chukua bila aibu. Lisipokuwepo, tafuta kiboksi. Lakini hedifoni nzima usizitupe kwa sababu ya ujasiri wa mtu mwingine.