Sunil Dutt: Mwigizaji Aliyeugeuza Msiba Wake Kuwa Msaada

Katika miaka ya 1950 na 1960, filamu za Kihindi zilipendwa sana katika miji ya Afrika Mashariki, Kampala ukiwa mmojawapo. Wengi wa watazamaji hawakujua Kihindi hata neno moja, lakini kilio cha mama hakihitaji mkalimani. Miongoni mwa waigizaji wa siku hizo alikuwamo Sunil Dutt, ambaye maisha yake yana mafunzo kwa jamaa za askari na kwa kila mwenye mgonjwa nyumbani.

Sunil Dutt alizaliwa tarehe 6 Juni 1929 katika wilaya ya Jhelum, ambayo leo imo katika nchi ya Pakistan. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mtoto. Bara Hindi lilipogawanywa mwaka 1947, jamaa yake, waliokuwa Wahindu, walilazimika kukimbia. Naye alisimulia baadaye kwamba aliyewaokoa ni Mwislamu, rafiki wa marehemu baba yake. Huko Bombay alisoma chuoni huku akifanya kazi katika shirika la mabasi, kisha akawa mtangazaji wa Redio Ceylon. Filamu yake ya kwanza, Railway Platform, ilitoka mwaka 1955.

Jina lake lilivuma mwaka 1957 kwa filamu ya Mother India. Nargis aliigiza mama mkulima anayelea watoto wake kwa dhiki kubwa, naye Sunil Dutt akaigiza Birju, mwana mkaidi anayegeuka jambazi. Birju anapomteka msichana wa kijijini, mama huyo anampiga risasi mwanawe kipenzi kuliko kuiacha heshima ya kijiji ivunjwe. Askari polisi aliyewahi kumkuta ndugu yake upande wa wahalifu ataielewa vyema hukumu hiyo nzito.

Filamu hiyo ilipokuwa ikitengenezwa, moto ulishika ukamzingira Nargis. Sunil Dutt aliingia ndani ya moto akamtoa, akaungua yeye mwenyewe. Mwaka 1958 wawili hao walioana, wakajaliwa watoto watatu. Pamoja waliunda kikundi cha wasanii kilichosafiri hadi mipakani kuwatumbuiza wanajeshi waliokaa mbali na wake na watoto wao. Mwenye kuijua kambi iliyo porini anajua thamani ya wimbo mmoja kwa mtu aliyekosa barua miezi mingi.

Ndipo saratani, ambayo wengi huiita kansa, ilipobisha hodi. Nargis alitibiwa New York, lakini tarehe 3 Mei 1981 alifariki, siku chache tu kabla ya kuonyeshwa filamu ya kwanza ambamo mwanawe, Sanjay, alikuwa mwigizaji mkuu. Sunil Dutt hakujifungia ndani na majonzi yake. Alianzisha mfuko wa kuwasaidia wagonjwa wa saratani kwa jina la mkewe, na mwaka 1982 akatoa filamu ya Dard Ka Rishta, yenye kisa cha mtoto mwenye saratani ya damu. Baadaye akawa mbunge, na mwaka 1987 alitembea kwa miguu kutoka Bombay hadi Amritsar kuombea amani. Alifariki tarehe 25 Mei 2005, akiwa waziri wa vijana na michezo.

Habari hizi haziko mbali na kilima cha Mulago. Ni katika hospitali ya Mulago ambapo daktari mpasuaji Denis Burkitt aliwatazama watoto waliovimba taya, akaandika habari za uvimbe huo mwaka 1958. Mwaka 1967 hapo hapo kilifunguliwa kituo cha kuutibu, ambacho ndicho chanzo cha Taasisi ya Saratani ya Uganda. Matibabu ya Mulago yalisaidia kuuonyesha ulimwengu kwamba saratani hiyo ya watoto yaweza kupona kwa dawa.

Lakini dawa haimfuati mgonjwa aliyefichwa chumbani. Uvimbe wa namna hiyo huweza kukua maradufu kwa siku chache. Mama akiona taya la mtoto limevimba, meno yamelegea pasipo sababu, au tumbo limejaa, asingoje baba arudi kutoka zamu ya mbali, wala asimalize wiki tatu kwa waganga. Ampeleke hospitali mara moja. Jirani nao wasiwakimbie wenye mgonjwa: saratani haiambukizwi kwa kula sahani moja wala kwa kulala kitanda kimoja. Anayeuguza huhitaji mtu wa kumpokea zamu ya usiku, wa kumpikia uji, na wa kuwatazama watoto waliobaki nyumbani.

Si kila mtu aweza kuanzisha mfuko kama Sunil Dutt. Lakini sufuria ya uji iliyopelekwa Mulago kwa jirani ni msaada wa jinsi ile ile.