Kitunguu Saumu Kikae Chunguni, Kisikae Mahali pa Daktari

Miongoni mwa viungo vyote viingiavyo jikoni mwetu, sidhani kama kuna kilichobebeshwa mzigo mzito kuliko kitunguu saumu. Hapa Lugulu, kando ya barabara itokayo Webuye kuelekea Kitale, nimewasikia wachuuzi wakikinadi kwa sauti kuu kwamba kinatibu shinikizo la damu, kisukari, malaria, minyoo na hata UKIMWI. Mnunuzi huondoka na kichwa kimoja cha kitunguu mkononi, lakini moyoni amebeba zahanati nzima. Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ajabu ni kwamba kitunguu saumu ni chema, ilhali chatembezwa kana kwamba ni kibaya.

Hoja yangu ni hii: kitunguu saumu ni chakula bora, tena chakula chenye manufaa kwa afya, na chastahili kutumiwa zaidi katika nyumba zetu na katika majiko ya shule zetu. Lakini siku tunapokigeuza kuwa daktari, tunakivunjia heshima kitunguu chenyewe na kuyahatarisha maisha ya wagonjwa wetu.

Jina lake lahitaji maelezo, maana wanafunzi wengi hudhani lina uhusiano na saumu ya mwezi wa Ramadhani. Sivyo. Limetokana na neno la Kiarabu 'thum', ndiyo sababu Waswahili wa pwani hukiita pia kitunguu thomu. Huko pwani, pilau isiyotiwa thomu na tangawizi huonekana kana kwamba mpishi alikuwa na haraka. Mabibi wa huko hawakuingojea maabara iwaambie kina faida gani. Walikitia chunguni kwa sababu kinakifanya chakula kiwe kitamu.

Maabara nayo ina yake ya kusema. Punje nzima ya kitunguu saumu haina harufu kali. Harufu huja inapokatwa au kupondwa. Ndani ya punje hiyo mna kemikali yenye salfa, na kando yake, katika chumba tofauti cha seli, mna kimeng'enya. Kisu au mchi unapozivunja seli, viwili hivyo hukutana na kuzaa kemikali mpya iitwayo alisini. Wanakemia wa Marekani, Chester Cavallito na John Bailey, waliitenga alisini mwaka wa 1944 na kuonyesha kuwa inazuia bakteria wasikue. Lakini walifanya hivyo maabarani. Kumshinda bakteria ndani ya kisahani cha kioo ni jambo moja. Kumponya mgonjwa aliyelala kitandani ni jambo jingine kabisa.

Elimu hiyo ina faida jikoni. Kwa kuwa moto mkali hukiharibu kimeng'enya upesi, anayetumbukiza punje nzima katika maji yanayochemka hupata alisini kidogo mno. Afadhali aiponde kwanza kwa ubapa wa kisu au kwa mchi, aiache kwa muda wa dakika kumi hivi huku akikata sukuma wiki au akichambua mnavu, kisha ndipo aitie chunguni. Tena asiitangulize mbele ya kitunguu maji, kwani huungua haraka na kuwa chungu. Punje mbili au tatu zatosha kuyapa ladha maharagwe ya familia nzima. Hali kadhalika kunde, mgagani, samaki na mchuzi wa kuku vyote hupendeza vikitiwa kiungo hiki.

Hapa ndipo ninapoiona faida kubwa ambayo wachuuzi hawaitaji. Utafiti wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la damu lililopanda. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Chakula chenye ladha ya kitunguu saumu, tangawizi na dania hakihitaji chumvi nyingi. Ni kweli pia kwamba tafiti kadhaa zimeonyesha kuwa vidonge vya kitunguu saumu hushusha shinikizo la damu kwa kiasi fulani. Lakini kiasi hicho ni kidogo, na hakimpi mgonjwa ruhusa ya kuziacha dawa alizoandikiwa.

Yaliyotokea Afrika Kusini na yawe funzo kwetu. Waziri wa Afya wa nchi hiyo wakati huo, Manto Tshabalala-Msimang, alikuwa akiwahimiza watu wenye virusi vya UKIMWI kula kitunguu saumu, malimau na bitiruti. Mwaka wa 2006, katika kongamano la kimataifa la UKIMWI lililofanyika Toronto, Kanada, vyakula hivyo viliwekwa katika banda la maonyesho la nchi hiyo, na ulimwengu ukashangaa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walikadiria mwaka wa 2008 kwamba zaidi ya watu 330,000 walipoteza maisha kati ya mwaka wa 2000 na 2005 kwa sababu serikali ilichelewa kuwapa watu wake dawa za kupunguza makali ya virusi. Kitunguu hakikuwaua watu hao. Waliuawa na kukosa dawa, na sifa za uongo za kitunguu zikasaidia kuuficha upungufu huo.

Isitoshe, chakula chema nacho kina mipaka yake. Vidonge vya kitunguu saumu vimethibitika kupunguza nguvu ya saquinavir, mojawapo ya dawa zilizotumiwa kupambana na virusi vya UKIMWI. Kula kwa wingi huweza kuifanya damu ichelewe kuganda, kwa hiyo anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au anayengojea kupasuliwa, hana budi kumweleza daktari wake. Kukibandika kibichi juu ya ngozi ya mtoto huweza kuiunguza. Na kukihifadhi ndani ya mafuta mahali penye joto huweza kukuza vijidudu vyenye sumu ya hatari. Mwaka wa 1985 watu 36 waliugua kwa sababu hiyo baada ya kula katika mkahawa mmoja mjini Vancouver, Kanada.

Kwetu sisi hofu kubwa zaidi ni malaria, ambayo ingali inawaua watoto katika eneo hili la magharibi mwa Kenya. Mtoto aliyeshikwa na homa jioni, akanyweshwa maji ya kitunguu saumu na kulazwa hadi kesho kutwa, amepotezewa saa ambazo hazirudi. Lugulu ina hospitali ya misheni ya Marafiki na ina shule. Mahali penye vyote viwili hapana udhuru wa kumwachia mchuuzi kazi ya daktari wala ya mwalimu.

Nawaomba walimu wa sayansi wafanye jaribio lisilogharimu zaidi ya bei ya kichwa kimoja cha kitunguu. Mwanafunzi ainuse punje nzima, kisha aiponde na kuinusa tena. Achukue nyingine, aichemshe ikiwa nzima, ipoe, halafu aiponde. Ataona kwamba ile ya pili haina ukali wa ile ya kwanza, na akiuliza sababu, atakuwa amefunguliwa mlango wa kuelewa vimeng'enya. Jioni aende nyumbani amfundishe mamaye kuponda kabla ya kupika. Na siku nduguye mdogo atakaposhikwa na homa, awe yeye wa kwanza kusema: twendeni hospitali, mchuzi utatungojea.