Moyo wa aliyetoa figo: swali lisiloisha siku ya kutoka hospitalini

Desemba 1954, mjini Boston nchini Marekani, Ronald Herrick alimpa pacha wake, Richard, figo moja katika upandikizaji wa kwanza wa kiungo hicho kufanikiwa duniani. Richard aliishi miaka minane zaidi. Ronald aliishi na figo moja kwa miaka 56, akafariki Desemba 2010 akiwa na umri wa miaka 79, miezi michache baada ya kufanyiwa upasuaji wa moyo.

Hakuna awezaye kudai kwamba figo aliyoitoa ndiyo iliyouponza moyo wa mzee huyo. Hata hivyo, swali lenyewe limebisha hodi katika familia za Tanzania tangu Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipoanza kupandikiza figo Novemba 2017, ikifuatiwa na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma mwaka 2018.

Sababu ya wasiwasi inaeleweka. Figo hudhibiti maji na chumvi mwilini, na kwa njia hiyo hudhibiti shinikizo la damu. Inapobaki moja hutanuka na kuongeza kazi, lakini uwezo wa kuchuja damu hutulia kwenye takriban asilimia 70 ya ule wa awali.

Tafiti mbili kubwa zimetoa majibu yanayoonekana kupingana. Ule wa jimbo la Ontario, Canada, uliochapishwa mwaka 2012, uliwafuatilia watoaji 2,028 kwa takriban miaka sita na nusu na haukuona ongezeko la mshtuko wa moyo wala kiharusi. Ule wa Norway wa mwaka 2014 uliwafuatilia watoaji 1,901 kwa takriban miaka 15, ukakuta vifo vya maradhi ya moyo vimezidi kwa asilimia 40 vikilinganishwa na vya watu wenye afya ambao wangeweza kukubaliwa kutoa.

Wakosoaji walisema waliolinganishwa nao huko Norway walitoka eneo moja tu, na kwamba watoaji wengi walikuwa ndugu wa wagonjwa, hivyo huenda walirithi udhaifu ule ule. Hoja hiyo ni nzito, lakini kwa Tanzania haifariji: hapa pia anayetoa huwa ndugu. Miaka sita nayo ni michache mno kwa kijana wa miaka 30.

Hatari yenyewe bado ni ndogo, kwa kuwa mtoaji huchujwa kwa vipimo vingi kabla ya kupasuliwa. Tatizo huanza baadaye. Aliyepokea figo hurudi kliniki maisha yake yote kwa sababu ya dawa. Aliyetoa, akijiona mzima, hurejea shambani au dukani na kusahaulika. Shinikizo la damu halimpigii kelele. Kipimo chake hupatikana hata katika zahanati, na dawa za maumivu kama diklofenaki, zinazonunuliwa dukani bila cheti, zinaweza kuiumiza figo pekee aliyobaki nayo. Hayo anapaswa kuambiwa kabla ya kutia saini, na kitabu chake cha kliniki kifunguliwe siku moja na cha mgonjwa.