Daftari la Ardhi Si Siri ya Karani

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi Wakenya tumefikwa na msiba ambao wahenga hawakuutaja: mali yenye daftari, nayo ikapotea vilevile bila habari, kwa sababu daftari lenyewe limefungiwa ndani ya chumba ambacho mwananchi wa kawaida huambiwa hana shughuli nacho. Josho la ng'ombe lililojengwa kwa harambee huamka likiwa na mwenyewe. Uwanja wa shule huzungushiwa seng'enge wakati wa likizo. Mjane huletewa barua ya kuhama kutoka shamba alilolilima tangu alipoolewa. Kila mmoja huuliza swali moja: lini, na kwa sahihi ya nani? Jibu la swali hilo limeandikwa. Limo katika jalada, katika masijala ya ardhi, kilomita chache kutoka hapo alipo.

Tahariri hii inahusu jalada hilo. Tumepigania kura, tukapigania vyama vingi, tukapigania Katiba. Haya yote yatakuwa mapambo matupu iwapo mwananchi wa mashambani ataendelea kusimama dirishani kwa karani akiomba kama sadaka kile ambacho sheria imempa kama haki.

Tukumbuke kwanza daftari hili lilivyozaliwa, maana mtoto hubeba tabia za mzazi. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulianza kuunganisha mashamba na kuandikisha umiliki wa mtu binafsi, hasa katika Mkoa wa Kati, wakati wa Hali ya Hatari, huku maelfu ya wenye mashamba wakiwa vizuizini na wengine wamefungiwa katika vijiji vya serikali. Waliokuwepo waliandikwa; wasiokuwepo waliandikiwa na wengine. Baada ya Uhuru, Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963 na Sheria ya Uamuzi wa Umiliki wa Ardhi ya 1968 zilieneza mtindo huo kwingineko. Mara nyingi jina moja la mwanamume liliandikwa juu ya ardhi ya ukoo mzima. Ardhi ambayo haikuandikwa iliwekwa chini ya mabaraza ya wilaya kwa dhamana ya wenyeji, na wengi wa wadhamini hao waligeuka wanunuzi na wauzaji.

Matunda yake tunayajua. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, iliyoteuliwa mwaka 2003 na kukabidhi ripoti yake mwaka 2004, ilikadiria kwamba hati zipatazo 200,000 zilitolewa kinyume cha sheria kati ya 1962 na 2002. Tume hiyo ilionyesha pia kwamba ugawaji huo ulishika kasi nyakati za chaguzi za vyama vingi za 1992, 1997 na 2002. Maana yake ni wazi. Ardhi ya umma iligeuzwa hongo ya kisiasa, na masijala ikawa duka lake. Duka la namna hiyo haliwezi kuuza mchana wa jua kali, linahitaji giza. Kwa hiyo usiri wa masijala haukuwa uzembe wa makarani tu. Ulikuwa ndio mtambo wenyewe wa wizi.

Je, sheria inasema nini leo? Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na kumpa kila mtu haki ya kudai habari za uongo zinazomhusu zisahihishwe. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inasema kwamba mtu anayetaka upekuzi rasmi, ule ambao huku mashambani kila mmoja huuita sachi, ana haki ya kupewa maelezo ya yale yaliyoandikwa katika daftari, pamoja na nakala zilizothibitishwa za hati, ramani au mchoro. Nayo Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaeleza kwamba haki hiyo haitegemei sababu ya mwombaji. Karani akuulizapo, "Wataka nini na shamba la watu?", mjibu kwa heshima kwamba sheria haimtaki aulize.

Sasa tuje kwenye njia. Kosa la kwanza la wengi ni kugonga mlango usio wao. Serikali ya kaunti haitunzi daftari la hati miliki. Daftari hilo liko katika masijala ya ardhi ya Wizara ya Ardhi, chini ya msajili wa ardhi. Ramani za mipaka ziko kwa ofisi ya upimaji. Pale ambapo uamuzi wa umiliki haujakamilika, majina yako katika daftari la afisa wa uamuzi wa umiliki wa ardhi, wala hayajafika kwa msajili. Ploti za masoko pamoja na kodi ya ardhi ziko kwa serikali ya kaunti. Ardhi ya umma husimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Mambo ya kale kuliko haya hutafutwa katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa jijini Nairobi, ambako majalada mengi ya wilaya za zamani yalipelekwa.

Kosa la pili ni kwenda bila nambari. Daftari halikupangwa kwa majina ya watu bali kwa shamba: jina la sehemu ya usajili, kisha nambari ya kipande. Usipokuwa na nambari, tafuta ramani ya eneo kwa mpima ardhi, tambua kipande kwa barabara, mto na majirani, ndipo upeleke nambari hiyo kwa msajili. Ada ya upekuzi hulipwa kwa utaratibu rasmi na kutolewa risiti. Fedha ambayo haina risiti si ada, bali ni hongo, na anayeitoa amejiunga na mtambo ule ule anaoulalamikia. Uliza pia iwapo masijala yako imeingizwa katika mfumo wa Ardhisasa, uliozinduliwa Aprili 2021 ukianzia Nairobi, maana kuhamisha kumbukumbu za kaunti nyingine ni kazi iliyofuata hatua kwa hatua.

Kosa la tatu, nalo ndilo baya zaidi, ni kuridhika na karatasi ya sachi. Karatasi hiyo hukuambia ni nani ameandikwa leo na kama kuna mkopo au zuio juu ya ardhi hiyo. Haikuambii alifikaje hapo. Kwa hiyo omba nakala iliyothibitishwa ya kadi ya kijani, inayoonyesha kila aliyewahi kuandikwa na tarehe yake. Omba fomu ya ugawaji wa shamba, ikiwa kipande kilikatwa kutoka kingine. Omba hati ya uhamisho pamoja na idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, kwa kuwa shamba la kilimo haliuzwi kihalali bila idhini hiyo. Kisha weka karatasi hizi mezani pamoja na cheti cha kifo cha mwenye shamba. Ikiwa marehemu "aliuza" miaka mitatu baada ya kuzikwa, huhitaji mganga akuambie kilichotokea.

Na mpaka je? Hapa tusidanganyane. Ramani nyingi za mashambani huonyesha mipaka ya jumla tu. Hazikuchorwa ili kuamua ugomvi wa hatua mbili za ua. Sheria inataka ugomvi wa mpaka wa namna hiyo upelekwe kwanza kwa msajili wa ardhi kabla ya kufika mahakamani. Wengi wamepoteza ng'ombe wao kwa gharama za kesi ambayo hakimu hakuwa na uwezo wa kuisikiliza.

Itakuwaje ukinyimwa? Usigombane na dirisha. Andika barua. Sheria ya 2016 inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, na asiyejua kuandika ana haki ya kusema ombi lake likaandikwa na afisa. Kuomba hakulipiwi; kinacholipiwa ni gharama ya haki ya kutoa nakala. Taja nambari ya kipande, taja karatasi unazozitaka moja moja, weka tarehe, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na inaweza kuongeza mara moja siku zisizozidi 14. Ikinyamaza, sheria huhesabu kimya hicho kuwa ni kukataa. Hapo una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Utawala, ambayo wengi huijua kwa jina la Ombudsman. Barua moja yenye muhuri ina nguvu kuliko safari kumi za "rudi kesho".

Wapo watakaotuambia kwamba kufungua majalada ni kuwapa matapeli ramani ya nyumba zetu. Hoja hii haistahili kudharauliwa, maana matapeli wapo, na ni haki kulinda nambari za vitambulisho na sahihi za watu zisitapakae. Lakini tujiulize: katika miaka yote ya majalada yaliyofungwa, ni nani aliyeibiwa, na ni nani aliyekuwa akiyaona? Tapeli hakuhitaji sheria ya habari. Alikuwa na binamu ofisini. Aliyefungiwa nje ni mwenye shamba peke yake. Daftari ambalo majirani wote wanaweza kulisoma ni gumu kulighushi, kwa sababu kila jirani ni shahidi.

Wengine watasema: hati ikishatoka imetoka, tunafukua makaburi ya nini? Mahakama ya Juu imewajibu. Aprili 2023, katika kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, kuhusu kiwanja cha Nyali kilichogawiwa mtu binafsi mwaka 1989, mahakama ilishikilia kwamba karatasi ya hati peke yake haitoshi. Ni lazima mzizi wake uwe halali, la sivyo hata aliyenunua baadaye hakingiki. Kifungu cha 40 cha Katiba chenyewe hakilindi mali iliyopatikana kwa njia haramu. Lakini mahakama haiwezi kuuona mzizi ambao hakuna aliyeufukua. Anayeufukua ni mwananchi mwenye nakala ya kadi ya kijani mkononi.

Waumini wenzetu watakumbuka habari ya nabii Yeremia aliyenunua shamba huko Anathothi wakati mji umezingirwa na adui. Hakutegemea ahadi ya mdomo. Alipima fedha, akaita mashahidi, akaandika hati mbili, moja iliyotiwa muhuri na nyingine iliyo wazi, akaagiza zihifadhiwe katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Ile ya wazi haikuachwa hivyo kwa bahati. Muhuri hulinda hati isibadilishwe; uwazi hulinda watu wasidanganywe. Sisi tumebaki na muhuri, tukanyang'anywa ile ya wazi.

Basi tunaziomba parokia, vikundi vya akina mama na kamati za mageuzi katika kila kata zifanye kazi nne. Kwanza, ziorodheshe ardhi yote ya umma katika eneo lao: shule, zahanati, soko, josho, makaburi, njia za kuteka maji, na zisisahau viwanja vya makanisa yenyewe, maana vingi havina hati. Pili, zifanye upekuzi wa kila kipande na kuweka nakala mahali pawili. Tatu, zisome Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo hutoka kila Ijumaa, kwa kuwa humo ndimo hutangazwa kwamba hati fulani "imepotea" na mpya itatolewa baada ya siku 60 pasipo pingamizi. Tangazo hilo likisomwa kwa sauti baada ya ibada, mwizi mmoja au wawili watakosa usingizi. Nne, zimsindikize mjane na yatima hadi masijala. Anayekwenda peke yake huambiwa jalada limepotea; wanaokwenda watano, wakiwa na barua, mara nyingi huambiwa limepatikana.

Kwa wasajili na makarani waaminifu, ambao wapo na tunawaheshimu, tunasema hivi: sheria iko upande wenu pia. Kila nakala mnayoitoa kwa risiti ni ngao dhidi ya mkubwa atakayepiga simu usiku akitaka ukurasa ubadilishwe. Na kwa wale wanaoficha majalada ili wayauze, tunasema kwamba dirisha lile halikuwekwa ili mtusikilize mnapotaka. Katiba inasema ardhi yote ya Kenya ni mali ya watu wa Kenya. Mwenye mali ana haki ya kusoma daftari lake, nasi hatutaondoka dirishani hadi tulisome.