Orodha ya Jamaa Katika Kompyuta

Wengi wetu twaiweka orodha ya jamaa katika jedwali moja: jina, simu, mji, mkoa. Mwaka 2011 Ash Sharqiyah iligawanywa. Ibra ikaingia Kaskazini, Sur Kusini. Aliyeandika mkoa mbele ya kila jina ilimbidi asahihishe kila mstari, na akiuruka hata mmoja, orodha hujipinga yenyewe.

Edgar Codd, aliyeanza kuieleza kanuni hii mwaka 1970, atuelekeza kutenga: jedwali la watu, la miji na la simu, yakiunganishwa kwa nambari. Hapo mkoa wa Ibra, kama wa Nizwa, huandikwa mara moja tu. Nambari ya mtu ndiyo kubwa zaidi, kwani akina Salim tunao tele. Taarifa ya msiba ikimfikia asiyehusika, mwenye kufiwa huyakosa mazishi.