Kitambi Si Cheo, Jamani!

Wiki hii nipo mkoani Mara, wilaya za Tarime na Serengeti, na siongelei mapenzi. Naongelea matumbo. Ndiyo, matumbo ya vijana wenye ajira!

Huku kijana akipata kazi mgodi wa dhahabu wa North Mara pale Nyamongo, au hoteli ya kitalii Serengeti, au ofisi ya serikali pale Mugumu, ndugu wanamsubiri na macho kama mizani. Akirudi likizo mashavu yamejaa na mkanda umeongezwa matundu mawili, mama anapiga vigelegele: "Kazi imemkubali mwanangu!" Akirudi mwembamba, minong'ono inaanza. Hapo nani atathubutu kupunguza msosi?

Tatizo ni kwamba mwili haujui cheo. Kitambi, presha, sukari na mafuta kwenye damu ni washkaji wanaotembea pamoja, ukimwona mmoja jua wenzake wako njiani. Wataalamu wanasema mwanaume akifika kiuno cha sentimita 94, na mwanamke 80, ashtuke. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta karibu 9 katika kila 100 wana kisukari, na karibu 26 wana presha. Noma!

Serikali haikulala. Mwaka 2014 ilitoa waraka wa kutaka magonjwa sugu yasiyoambukiza yadhibitiwe kazini, sambamba na UKIMWI, kwa watumishi wa umma. Desemba 2016 Mama Samia, wakati huo Makamu wa Rais, akaagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi. Safi sana. Lakini piga hesabu: asubuhi moja ya trakisuti, kisha siku zote zilizobaki ni chapati, supu ya kongoro na chai ya sukari vijiko vinne. Nani mshindi?

Ndiyo maana nasema mpango uanzie jikoni. Mwaka 2002 Marekani walitoa matokeo ya utafiti wa watu waliokuwa wanakaribia kupata kisukari. Waliopewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walishusha hatari kwa asilimia 58, wakawapita hata waliopewa vidonge. Kwa mtu wa kilo 90 hizo ni kilo 6 na kidogo tu!

Na sisi hatuhitaji chakula cha kuja na ndege. Ugali wa ulezi au mtama, dagaa wa ziwani, maharage, mboga za majani, vyote viko sokoni. Bosi akiamua kantini iweke maji badala ya soda, na ndizi badala ya maandazi ya saa nne, mambo yatabadilika.

Mazoezi nayo yaangalie mahali. Dereva wa lori la mgodini anashinda amekaa, apewe muda wa kunyoosha miguu. Mhudumu wa hoteli ndani ya hifadhi usimwambie akakimbie alfajiri, atakimbizwa na simba! Mpe kamba ya kuruka, au pigeni ngoma jioni, jasho litatoka tu.

Lakini kubwa kuliko yote ni siri. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka wafanyakazi wapimwe. Sawa, ila vijana niliopiga nao stori Tarime wanaogopa kipimo kuliko ugonjwa. "Nikikutwa na sukari, mkataba si ndiyo basi tena?" mmoja aliniuliza. Mshahara wake unasomesha wadogo zake wanne. Utamlaumu akikwepa?

Mabosi, hapa ndipo penyewe. Majibu yabaki kwa daktari na mwenye mwili wake, na mgonjwa ahakikishiwe ajira. Bila hivyo, kantini itapika mchicha na watu wataendelea kufa na siri zao.

Nawe kijana usingoje bosi. Azima futi ya fundi cherehani, zungusha kiunoni, na usivute tumbo ndani kujidanganya. Tukutane wiki ijayo!