Mlevi Hasaidiwi kwa Kufichwa

Sinema nyingi humtumia mlevi kuwachekesha watu. Anapepesuka, anaropoka, watazamaji wanacheka, kisha wanakwenda zao. Sinema iitwayo Days of Wine and Roses, iliyotolewa Marekani mwaka 1962 na kuongozwa na Blake Edwards, haikufuata njia hiyo. Watumishi wa umma na walimu wanastahili kuitazama hata leo, kwani mlevi wake hakuokotwa mtaroni. Ametoka ofisini, na amevaa tai.

Joe Clay, aliyeigizwa na Jack Lemmon, ni ofisa uhusiano katika mji wa San Francisco. Kwake yeye kunywa na wateja ni sehemu ya kazi. Anampenda Kirsten, karani mahsusi aliyeigizwa na Lee Remick, binti ambaye hanywi pombe bali anapenda chokoleti. Joe anamwagizia kinywaji kikali chenye ladha ya chokoleti. Hapana ugomvi wala shari. Ni ukarimu mtupu. Baadaye wanaoana na kupata mtoto, na Kirsten anapojizuia kunywa kwa sababu ananyonyesha, mumewe ndiye anayelalamika kwamba nyumba imepoa. Tangu hapo wanakunywa pamoja, mpaka siku ambayo Kirsten, akiwa amelewa, anasababisha moto nyumbani, mtoto akiwa ndani.

Joe anafukuzwa kazi moja baada ya nyingine, na hapana barua hata moja ya kufukuzwa iliyomponya. Wanahamia kwa baba yake Kirsten, mkulima wa miche na maua, na kwa muda wanaacha kabisa. Halafu Joe anaingiza chupa kwa siri. Usiku mmoja analivunjavunja banda la vioo la mkwewe, akiitafuta chupa aliyoificha mwenyewe ndani ya chungu cha maua. Anayetazama tukio hilo hawezi tena kusema kwamba mlevi anakosa aibu tu. Huyu ni mgonjwa.

Nafuu ya Joe inaanza pale anapokubali kusema mbele ya wenzake kwamba yeye ni mlevi. Wenzake hao ni wa chama cha Alcoholics Anonymous, kilichoanzishwa mwaka 1935 katika mji wa Akron, Ohio, na dalali wa hisa, Bill Wilson, pamoja na daktari, Bob Smith. Wote wawili walikuwa walevi. Msingi wa chama hicho ni kwamba aliyeacha humshika mkono anayetaka kuacha, na kila mmoja huihesabu siku ya leo tu. Hatua zake kumi na mbili zimefika hata kwetu: nyumba za upataji nafuu zilizoanzishwa Zanzibar zimezitumia kuwasaidia vijana walionaswa na dawa za kulevya.

Mwisho wa sinema ni mchungu. Kirsten anarudi mlangoni akitaka wakae tena pamoja, lakini hakubali kwamba ana ugonjwa, wala hataki kuiacha chupa. Joe anampenda, naye ndiye aliyemfundisha kunywa. Hata hivyo, anakataa kumpokea pamoja na pombe yake. Wako watakaosema kwamba huo ni ukatili. Tunadhani sivyo. Angemfungulia mlango kwa masharti ya chupa, wangezama wote wawili, na mtoto wao pamoja nao.

Hapo ndipo sisi tunapopaswa kujitazama. Mwalimu asiyeweza kusimama darasani kwa ulevi hushikiwa vipindi na wenzake. Ofisa ambaye hajaonekana tangu mshahara ulipotoka husemewa kwamba "ametoka kidogo", na koti lake linaachwa kwenye kiti. Mambo hayo tunayaita utu. Lakini anayelipa gharama ya utu huo ni mwanafunzi asiyefundishwa, ni mwananchi anayeambiwa arudi kesho, ni mke anayengojea fedha za chakula, na hatimaye ni mlevi mwenyewe. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Hatusemi kwamba dawa yake ni kumfukuza. Dawa ni kumweleza ukweli mapema, ana kwa ana na bila kumtukana. Kukataa kutia saini kwa niaba yake. Kumfikisha hospitali na kwa watu waliokwisha acha. Na akirejea, kumpa kazi yake bila masimango. Na katika tafrija zetu, asemaye kwamba hanywi aachwe anywe soda yake kwa amani. Kirsten naye alianza kwa glasi moja tu, nayo ilikuwa tamu.